Kamera ya zawadi kwa mzee aliyestaafu: DSLR, ya zumu ndefu, Instax au simu tu?

Kabla hujamtumia mtu hela akuchukulie kamera Kariakoo kwa ajili ya mzee, jiulize kwanza zile picha zitaishia wapi. Watu wengi tunaanza na "Canon au Nikon", "megapikseli ngapi", wakati mzee wa miaka sitini na kitu hana ugomvi na megapikseli, ugomvi wake ni kwamba kapiga picha nzuri kabisa ya mjukuu halafu imelala ndani ya memori kadi tangu Pasaka kwa sababu hajui ataitoaje aitume kwenye grupu la familia. Kamera ikifika hapo inarudi kwenye begi, begi linapanda juu ya kabati, habari imeisha.

Sisi tulikua tunachanga ndugu wote kwa ajili ya baba, mwalimu mstaafu wa jiografia, anakaa Lushoto, enzi zake alikua na Yashica ya mkanda na anajua vizuri habari ya kupeleka mkanda mjini na kusubiri picha zisafishwe. Sasa hivi ana muda, ana shamba, ana wajukuu, na ana ugonjwa wa ndege, yaani hondohondo akitua kwenye mparachichi wa jirani chai inapoa. Kwenye grupu kila mtu akaja na lake. Kaka mkubwa anataka DSLR, zile kamera za kubadilisha lenzi, kwa sababu "ndo kamera yenyewe". Kitinda mimba wetu anataka Instax, ile inayotoa picha ya karatasi hapo hapo, kwa sababu inapendeza. Dada kasema mnunulieni simu mnajisumbua bure. Basi nikakaa nikazilinganisha moja moja, na nakuambia mapema nina upande wangu, sitajifanya zote ziko sawa.

Nianze na DSLR za kuanzia maana ndo zimejaa madukani na kwenye mtumba. Canon EOS 2000D na Nikon D3500 zote zilitoka 2018, zote megapikseli 24, zote sensa (kile kipande cha ndani kinachonasa picha) ya saizi ya APS-C, ukisoma maboksi yake utasema mapacha. Ila kwa mzee zinaachana mbali. Canon ina gramu 475 ikiwa na betri na kadi, Nikon 415, na hapo hujaweka lenzi. Betri ya Nikon kwa vipimo vya kampuni inaenda picha 1,550 kwa chaji moja, Canon picha 500. Kwa mtu ambae umeme ukikatika leo unaweza kurudi kesho hiyo sio tofauti ya kuchekea. Halafu Nikon ina kitu kinaitwa Guide, unazungusha kile kigurudumu cha juu inakuuliza unapiga nini, kitu cha mbali, mtu, kinachokimbia, inakupangia yenyewe na inakueleza, na kwa mwalimu hiyo ni raha tupu maana anajifunza huku anapiga.

Kasoro ya D3500 ni kwamba haina Wi-Fi, ina Bluetooth tu, na ile programu yake ya SnapBridge inarusha kwenye simu picha iliyopunguzwa ya megapikseli 2. Watu wanailalamikia sana hiyo, mi naona kwa mzee haina neno, megapikseli 2 kwa WhatsApp zinatosha na hata ukienda kuzitoa studio kwa saizi ya kawaida ya albamu zinatoka safi. 2000D yenyewe ina Wi-Fi. Kingine, Nikon hawaitengenezi tena D3500 kwa hiyo unatafuta iliyobaki dukani au ya mtumba.

Hapa naomba usome taratibu kwa sababu wauzaji hawakuambii. Hizi kamera zinakuja na lenzi ya 18-55 (hizo ni milimita, namba ikiwa kubwa lenzi inavuta mbali zaidi), na kuna aina mbili za hiyo 18-55, moja ina kitulizo cha mtetemo na nyingine haina, na kwa macho zinafanana. Kwa Canon tafuta herufi IS zimeandikwa kwenye lenzi, kwa Nikon tafuta VR. Ile isiyo nayo ndo inayowekwa kwenye seti za bei rahisi. Mkono wa kijana unaweza kuvumilia, mkono wa mzee unatetemeka kidogo hata kama mwenyewe anakataa, na jioni mwanga ukipungua kila picha inatoka na ukungu, halafu anajilaumu yeye wakati kosa ni la lenzi.

Sasa tatizo kubwa la DSLR kwa baba yetu sio hilo, ni umbali. 18-55 kwenye Canon ni sawa na kama 29 mpaka 88 kwa hesabu za kamera za mkanda. Hiyo inatosha familia kusimama mbele ya nyumba, inatosha mjukuu kwenye mkeka, ila hondohondo juu ya mti anatoka kidoti cheusi, utazungusha picha kumtafuta. Ukitaka kumfikia unaongeza lenzi ya 55-250, ambayo inakupeleka kwenye 400 hivi, sawa ni nzuri, lakini sasa umeongeza hela, umeongeza uzito, na umemwambia mtu wa miaka 67 awe anabadilisha lenzi porini huku vumbi linaingia kwenye sensa. Vijana wa harusi wanafanya hivyo kwa sababu wanalipwa. Kaka mkubwa nilipomwambia hivyo akanijibu "we unataka kumnunulia mzee toi", tukaachana hapo kwa amani.

Hiyo anayoiita toi ndo chaguo langu, zile kamera zenye lenzi moja ya kudumu na zumu ndefu ajabu. Zipo nyingi ila mbili ndo nilizisoma sana, Canon PowerShot SX70 HS ya 2018 na Nikon Coolpix P950 ya 2020.

SX70 inaanzia 21 mpaka 1365. Yaani hapo hapo ulipokaa, bila kubadilisha kitu, unapiga picha ya ukoo mzima umejipanga kwenye ngazi halafu unavuta unamchukua ndege chozi ananyonya ua upande wa pili wa bonde. P950 inaanzia 24 mpaka 2000, hiyo inakupa mwezi na mashimo yake mpaka unakaribia kujaza fremu, na kwenye kigurudumu cha juu ina alama ya ndege kabisa na alama ya mwezi, unazungusha tu. Ukiangalia zumu peke yake P950 imeshinda.

Lakini P950 ina gramu 1,005. Hiyo ni pakti ya sukari ya kilo moja inaning'inia shingoni kuanzia nyumbani mpaka msitu wa Magamba na kurudi, kwenye milima ile. SX70 ina gramu 610 hivi. Mzee alishika ya rafiki yake moja ya hizo kubwa akasema "Mwanangu, hii mmenipa kazi nyingine wakati nimestaafu?" Nikajua jibu. Kama mzee wako anapigia picha barazani au kwenye gari na ana mguu wa kusimamishia kamera, chukua P950, utampatia furaha isiyo na mfano. Kama anatembea, SX70.

Kitu ambacho zote mbili wanacho na ambacho kwa mzee nakiweka juu kuliko zumu ni kile kitundu cha kuchungulia. Fikiria mtu wa miwani ya kusomea. Kamera ya kioo tu cha nyuma, kama Canon SX740 HS ambayo ni ndogo, gramu 299, inaingia mfukoni na ina zumu mara 40, ni nzuri sana kwenye tangazo, ila mzee akitaka kupiga picha inabidi avae miwani ya karibu aone kioo, avue aone ndege yuko wapi, avae tena, na jua la saa sita likipiga kile kioo haoni kitu chochote anabahatisha. Kwenye kitundu hakuna miwani hakuna jua. Na pembeni ya kitundu kuna kigurudumu kidogo sana wengi hawakijui, ukikizungusha kinarekebisha muono kulingana na jicho lako mpaka yale maandishi ya ndani yanakua makali. Usimpe mtu kamera bila kumuonyesha hicho kidude, wapo watu wanamiliki kamera miaka wanadhani lenzi yake mbovu kumbe macho na kidude havijapatana. Sababu hiyo hiyo peke yake imeitoa SX740 kwangu pamoja na udogo wake wote.

Kingine, ukivuta zumu mpaka mwisho ndege anapotea, unaona majani tu hujui uko tawi gani. SX70 ina kitufe, ukikibonyeza picha inarudi nyuma unaona mti wote, unamtafuta, unaachia inarudi pale pale mbele. P950 nayo ina kitufe cha namna hiyo. Hivi ndo vitu vya kumuuliza muuzaji akuonyeshe, achana na habari za megapikseli.

Sasa ubaya wake, na sitaki mtu aje kunilaumu. Sensa ya hizi kamera za zumu ndefu ni ndogo sana, ya APS-C kwenye zile DSLR inaizidi kwa eneo kama mara kumi na mbili. Maana yake mchana wa jua huoni tofauti kubwa, ila ingia ukumbini kwenye send-off saa tatu usiku, au ibada ya mkesha, picha zinatoka na chengachenga, na ukitumia zumu ndani ndo kabisa maana lenzi ikivutwa mwisho inapitisha mwanga kidogo sana. Hata msituni, Lushoto ule ukungu wa asubuhi, saa kumi na mbili na nusu hupati kitu cha maana, subiri jua lipande. Betri nayo ni picha 325 kwa SX70 na 290 kwa P950, kwa hiyo betri ya pili sio hiari, nunua pamoja na kamera. Kama mzee wako yeye ni mtu wa shughuli, ndo anaeitwa kupiga picha kipaimara na maulidi, basi kaka yangu mkubwa ana haki na DSLR inamfaa, chukua D3500 yenye VR na umalize.

Zile za kisasa za kubadilisha lenzi zinazoitwa mirrorless, yaani hazina kile kioo cha kuakisi cha ndani kama DSLR, sizimalizii wino. Canon R50 ya 2023 ni nyepesi kweli, gramu 375, ina tachi, inashika jicho la mtu yenyewe na video zake ni kali, mjukuu akikimbia inamfuata. Ila lenzi inayokuja nayo ni 18-45, fupi hata kuliko ya DSLR, na bei yake na lenzi ilipotoka ilikua kama dola 800 wakati SX70 ilitoka kwa 550. Ndugu yake R100 ni rahisi zaidi lakini wameitoa tachi, kioo hakigeuki, naona wamebana pasipotakiwa kubanwa. Kama mchango wenu ni mnene na mzee anapenda video, R50 haina ubaya. Kwetu mchango haukua mnene.

Instax sasa, hoja ya kitinda mimba. Nilitaka kuicheka halafu nikajizuia, kwa sababu ukirudi kwenye lile swali la picha zinaishia wapi, Instax Mini 12 ndo yenye jibu fupi kuliko zote, picha inaishia mkononi. Unazungusha lenzi inawaka, unabonyeza, karatasi inatoka, dakika moja na nusu hivi sura zimetokea. Hakuna kadi, hakuna simu, hakuna nywila. Inatumia betri mbili za AA ambazo zipo duka lolote la mangi. Wazee wanaipenda kwa sababu inafanana na walichokizoea, picha ni kitu unachokishika, unaandika nyuma, unampa mgeni aondoke nayo.

Tatizo ni kwamba ni zawadi inayomwachia mzee bili. Pakiti moja ni picha 10, zikiisha ununue tena, na nje ya miji mikubwa hizo karatasi huzipati kirahisi, utakua unamtumia kwa basi kila mara. Picha yenyewe ni ndogo, milimita 62 kwa 46, wajukuu wanane wakijipanga huwezi kujua nani ni nani bila kusogeza karibu na taa. Flashi inafika mita mbili hivi, kwa hiyo usiku uani ni sura tatu za mbele na giza. Na haina nakala, mtoto akiimwagia uji imeenda. Mi naona Instax ni zawadi nzuri ya kuongezea, sio zawadi yenyewe. Kwa hela ya karatasi za mwaka mzima ni bora umchagulie picha nzuri hamsini ukazitoe studio kubwa umpelekee na albamu.

Tuje kwa dada na simu yake. Hoja ya dada ina nguvu kuliko tulivyotaka kukubali. Kama simu ya mzee ni ya zamani, nafasi imejaa, inakata picha kila WhatsApp ikifunguka, kabla ya kamera yoyote mbadilishie simu. Picha inapigwa inatumwa hapo hapo, anaijua tayari, iko mfukoni muda wote, na usiku kwenye mwanga hafifu simu nzuri ya sasa inaipiga chini hiyo SX70 yangu niliyoisifia hapo juu bila ubishi, kwa sababu simu inaunganisha picha kadhaa inakua moja. Kwa mama yetu jibu lilikua hilo hilo, simu. Bi mkubwa hataki ndege, anataka kumuona mtoto wa binti yake kaota jino, na anataka sasa hivi. Kumpa kamera ingekua kumsumbua.

Kwa baba simu inashindwa sehemu mbili. Ya kwanza zumu, hizi simu za bei ya kati ukivuta inakuza tu vile vidoti, hondohondo anakua kama kachorwa na mtoto. Ya pili sijui niieleze vipi, simu inalia. Yuko katikati ya kumnyemelea mbega anapigiwa na mtu wa SACCOS. Kamera haimpigii mtu, na kwa mstaafu aliekua anapigiwa kengele za shule maisha yake yote hiyo ina thamani.

Kwa hiyo kwetu ilishinda SX70, mama simu, na kaka mkubwa akanuna siku mbili akaja akatoa hela. Kwako inategemea. Mzee wa ndege, milima, meli zinazoingia bandarini, mpira wa mtaani kutoka mbali, chukua zumu ndefu. Mzee wa shughuli na kumbi, DSLR yenye IS au VR. Mzee anaetaka wajukuu tu, simu, na hela inayobaki kazitoe picha.

Kwenye kununua sasa. Ukinunua ya mtumba, lenzi kwanza. Washa tochi ya simu imulike kupitia kwenye lenzi uangalie ndani, ukiona nyuzinyuzi kama utando au mizizi myembamba hiyo ni kuvu, iache hata kama anakupunguzia nusu. Sehemu za Pwani, Tanga, Unguja, Mombasa kwa joto na unyevu ni balaa, na Lushoto nayo kwa ukungu wake haijambo. Kuvu ikishakaa inakula ile rangi ya juu ya kioo, fundi anaweza kuisafisha ila alama inabaki. Ndo maana begi lililofungwa juu ya kabati ni sehemu mbaya kuliko zote kuhifadhi kamera, weka sehemu yenye hewa na mwanga, weka na vile vipakti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, visitupwe.

Kama kuna ndugu anakuletea kutoka nje, chaja sio shida kubwa, ziandikwe tu 100-240V utatafuta adapta ya plagi. Ila angalia Sony zilizotengenezwa kwa soko la Japani, menyu yake ni Kijapani tu na haibadiliki, bei inakua tamu ukiiona mtandaoni kumbe sababu ndo hiyo. Kwa DSLR ya mtumba uliza imeshapiga picha ngapi, D3500 shata yake (kile kipazia cha ndani kinachofunguka kila ukipiga picha) ilipimwa kwa mipigo laki moja, iliyokaribia hapo sio ya kumpa mzee.

Na usiipeleke ikiwa kwenye boksi lililofungwa na nailoni yake eti ndo heshima. Fungua, chaji betri zote mbili, weka kadi ya GB 32 ya kampuni inayoeleweka, tia mkanda wa shingoni, panga tarehe na saa, weka lugha, izime ile milio, zungusha iwe kwenye Auto. Nunua na kile kisoma kadi kidogo kinachochomekwa kwenye tundu la chaja la simu, ni bei ya soda chache tu, hicho ndo kinatatua lile swali la kwanza kabisa maana programu za Wi-Fi za kamera hata sisi vijana zinatutoa jasho, leo imeunganika kesho imekataa. Mzee anachomoa kadi, anachomeka kwenye simu, anachagua, anatuma. Ila kabla hujanunua angalia simu yake ina tundu la Type-C au lile la zamani, visoma kadi vyake ni tofauti, na hakikisha simu yenyewe inakisoma, zipo simu ukichomeka inakaa kimya, kwa hiyo jaribu pale pale dukani na simu inayofanana na yake.